Namna Madawa ya Kulevya Yanageuza Ubongo: Mazungumzo na Wamama ku Kliniki

 Wamama, mukae vizuri. Wale wenye watoto wachanga wakae karibu na dirisha, kule kuko hewa. Leo hatutazungumza juu ya kuhara wala juu ya chandarua. Kuko ulizo moja ambalo mumetuuliza mara nyingi, tena mulituuliza kwa sauti ya chini, kwa sababu kila mutu alikuwa anafikiri ni katika nyumba yake tu. Ulizo ni hili: kijana anazoea lutuku ao bangi ao vidonge. Siku moja anapiga magoti mbele ya mama yake, analia, anasema, «Mama, nimeacha.» Kisha siku tatu anarudi kule kule. Je, ni mwongo? Amelogwa? Ao ni ugonjwa?

Jibu liko ndani ya kichwa. Tutaingia pole pole, na mutoto akilia, mumunyonyeshe, tutangojea.

Nitachukua mufano wa dawa moja inayoitwa kokaini. Wengi kati yenu hamujaiona hata siku moja, ni kitu cha bei kali. Lakini watu wenye elimu wamefanya kazi nyingi sana juu yake, na yale waliyopata yanatuonyesha pia namna pombe na tumbako zinatumika ndani ya mutu. Tena watoto wetu wanasafiri siku hizi. Wanaenda Johannesburg, wanaenda Bruxelles, na kule kokaini inauzwa.

Inatoka Amerika ya Kusini. Ku milima ya Peru, ya Bolivia na ya Kolombia kuko muti mudogo unaoitwa koka. Watu wa kule wanatafuna majani yake tangu zamani sana juu ya kushinda njaa na uchovu, sawa vile watu wengine wanatafuna kola. Ndani ya jani nguvu ni kidogo, na inaingia katika damu pole pole. Lakini mwaka 1860 Mujeremani mumoja, Albert Niemann, alionyesha namna ya kutoa ile nguvu peke yake, ikawa unga mweupe. Wamama wa hapa munajua tofauti ya pombe ya ndizi na lutuku. Basi tofauti ya jani na unga ni namna ile, hata kupita.

Mwanzoni wanganga walifurahi. Mwaka 1884 munganga wa macho, Karl Koller, ku Vienna, alitia kokaini katika jicho na jicho halikusikia maumivu. Ule ulikuwa mwanzo wa dawa za ganzi. Katika mwaka ule ule Sigmund Freud aliandika kuisifu. Alikuwa na rafiki aliyekuwa mutumwa wa morfini, akamushauri atumie kokaini ili apone. Rafiki hakupona. Akawa mutumwa wa dawa mbili pahali pa moja. Ninawaambia hii ili musidanganyike na mutu anayesema: «Acha ile, kunywa hii, haina shida.»

Sasa tuingie ndani ya kichwa.

Munapokuja kupima watoto, tunawaambia kila mara: mumupe maharagi, mumupe samaki, soya, karanga, sababu viko na proteini, vinajenga mwili. Musifikiri proteini zinajenga nyama ya mukono na muguu tu. Ubongo pia unazitumia. Milango yake ni proteini, masikio yake ni proteini, hata watumishi wanaofanya kazi ndani yake ni proteini. Madawa ya kulevya yanaharibu kazi yao.

Ubongo wa mutu uko na chembe karibu bilioni 86 za kupitisha habari. Fikirini kila chembe kama nyumba ndogo sana. Nyumba hizi hazigusani. Kati yao kuko nafasi, kama kiwanja kilicho kati ya nyumba yako na ya jirani. Ukitaka kumuambia jirani neno, unafanya nini? Unatuma mutoto. Anatoka, anavuka kiwanja, anabisha, jirani anasikia. Kisha anarudi nyumbani ku mulango wake, na kesho utamutuma tena.

Katika ubongo kuko watoto wa kutumwa wa namna mbalimbali. Mumoja anaitwa dopamini. Habari anayopeleka ni hii: «Kitu hiki ni kizuri. Kikumbuke. Ukirudilie.» Mutu mwenye njaa akipata chakula, dopamini inatoka. Ni kitu cha lazima. Bila yeye hatungekuwa na nia ya kutafuta hata maji.

Mulango wa kurudilia nyumbani ni proteini. Kokaini inafika na kukaa palepale ku mulango, kama mutu anayeweka kisiki. Watoto wa kutumwa hawawezi kuingia. Wanabaki kiwanjani, wengi, wanabisha tu, wanabisha, na jirani hapumziki. Mutu mwenyewe anasikia nguvu na furaha isiyo na sababu. Akivuta moshi wake, inafika ku ubongo kwa sekunde chache na inaisha kisha dakika chache. Akivuta unga kwa pua, pengine nusu saa. Kisha anashuka chini, na moyo wake unataka ingine.

Nguvu ya ile habari ni kubwa namna gani? Mwaka 1954, ku Montreal katika inchi ya Kanada, James Olds na Peter Milner walitia waya nyembamba katika ubongo wa panya. Panya akibonyeza kifimbo, umeme kidogo unagusa ile njia ya furaha. Wale panya walibonyeza mara mamia kwa saa moja. Hakuna mutu aliyewafundisha tabia mbaya, na panya hana marafiki wabaya wa kumupoteza. Ilitosha kugusa ile njia.

Mama mumoja hapa anauliza: «Lakini akionja mara moja tu, si itatoka mwilini?» Ndiyo mama, kokaini yenyewe inatoka upesi. Kinachobaki ni kazi iliyofanyika ndani ya nyumba. Hapa ndipo pagumu, munisikilize vizuri.

Jirani anayebishiwa usiku na mchana anafanya nini? Anaziba masikio. Chembe za ubongo nazo zinapunguza masikio yao ya kusikia dopamini. Wenye elimu wa Marekani, kati yao Nora Volkow, walipiga picha za ubongo wa watu waliozoea kokaini, tangu miaka ya 1990. Waliona masikio ya namna moja yamepunguka, na kwa wengi yalikuwa yangali machache hata kisha miezi ya kuacha. Sasa muelewe maana yake katika nyumba. Mulipika sombe na samaki, ndugu wote wanacheka, yeye anakaa kimya kama mutu asiyesikia harufu. Munasema ana kiburi. Hapana. Furaha ndogo ya kila siku haiingii tena, sababu masikio yamezibwa.

Na ndani ya chembe kuko neno lingine. Habari ikibishwa kwa nguvu kila siku, inapita ku mulango na kufika mpaka chumba cha ndani, pale panapowekwa maagizo yote ya kutengeneza proteini. Mutumishi mumoja anayeitwa CREB anaamka na kuagiza kitu kinachoitwa dinofini. Kazi ya dinofini ni kupunguza dopamini, ni kama mama anayesema, «Basi, makelele yamezidi!» Ni kinga ya mwili. Lakini dawa ikiisha, dinofini ingali pale, na mutu anasikia huzuni na uchungu bila kujua sababu. Anatafuta dawa tena, safari hii juu ya kuondoa ule uchungu tu. Furaha ya zamani haipati tena.

Mutumishi mwingine anaitwa delta-FosB. Munganga Eric Nestler na wenzake walimuchunguza kwa miaka mingi. Proteini zingine za jamaa yake zinazaliwa na kuisha kwa saa chache tu. Huyu haishi upesi. Mutazame paa la jikoni. Ukiwasha moto siku moja, masizi ni kidogo, huyaoni. Ukiwasha kila siku, paa linakuwa jeusi. Na ukiacha kupika juma moja, masizi hayaondoki sababu moto umezimika. Ndivyo delta-FosB inavyofanya: kila mara ya kutumia inaongeza kidogo, na inakaa majuma mengi kisha dawa kutoka. Wakati inakaa, inafungua maagizo mengine na kufunga mengine, na matawi ya chembe yanatoa vichipukizi vipya, kama muti. Ubongo unajengwa upya kufuatana na dawa. Walipata hii kwanza katika panya, kisha wameipata pia katika ubongo wa watu waliokufa wakiwa watumwa wa kokaini.

Ya mwisho, njia. Munajua kijia katika majani: kinatokea kwa kukanyagwa. Mwaka 2001 ilionekana kwamba kokaini ya mara moja tu ilitosha kukaza njia moja katika ubongo wa panya, na baada ya siku tano ilikuwa ingali imekazwa, lakini siku ya kumi ilikuwa imelegea. Kwa hiyo mara moja si kufa, lakini pia si mchezo. Na katika panya waliozoea, jambo lilikuwa la kushangaza: tamaa ilikuwa ndogo siku ya kwanza ya kuachishwa, ikaongezeka majuma yaliyofuata. Iliongezeka, wamama! Mama anahesabu siku thelathini na kusema, «Sasa amepona,» na pengine ni wakati ule ile njia inamuita kwa nguvu zaidi, akikutana na rafiki wa zamani, ao akisikia muziki wa kilabu, ao akipata makuta mukononi.

Basi turudi ku ulizo. Yule kijana aliyelia, alikuwa mwongo? Kwa mawazo yangu, mara nyingi hapana. Siku ile aliapa kwa kweli. Sehemu ya ubongo iliyo nyuma ya paji la uso, ile ya kufikiri na ya kushika neno, ndiyo iliyoapa. Lakini kwa mutu aliyezoea, sehemu hii imezoofika, na ile njia ya ndani imekazwa. Wawili wanavutana kamba, na mumoja amekula, mwingine hajakula. Hakuna mutu aliyemutupia kitu usiku. Kumupeleka kwa mulozi, ao kumufunga kamba ku muti, ao kumupiga mpaka damu, hakugusi hata proteini moja ya zile nilizotaja. Inamuongezea tu uchungu, na uchungu ndio unaomurudisha ku chupa.

Sisemi hana kosa. Akiuza sufuria ya mama yake, sufuria imepotea, na watoto wadogo hawakula. Mama iko na haki ya kufunga mulango wa chumba na kuficha makuta. Ninasema tu: muite ugonjwa kwa jina lake, kisha mutafute namna ya kuutunza.

Sasa wamama wa mimba. Kokaini inakaza mishipa ya damu, na inapita ku kondo ya nyuma mpaka kwa mutoto. Damu ya mama inapanda. Kondo inaweza kubanduka mbele ya saa yake, na hapo mama na mutoto wote wawili wako katika hatari ya kufa. Mutoto anaweza kuzaliwa mbele ya wakati, ao na kilo kidogo. Inapita pia katika maziwa.

Lakini niongeze kitu ambacho watu wengi hawapendi kusikia. Katika miaka ya 1980, ku Marekani, magazeti yalipiga kelele kwamba watoto wa wamama waliovuta kokaini wataharibika wote, hawatajifunza hata kusoma. Wanganga walifuata wale watoto miaka mingi. Waliona kuna madhara, ya kilo na pengine ya kukaza mawazo, lakini si yale yaliyotangazwa. Mambo mengi waliyotia juu ya kokaini yalitoka kwa umaskini, kwa tumbako, na kwa pombe.

Kwa pombe! Hapa ninawatazama ninyi. Wote munaogopa kokaini ambayo hamujaiona, na chupa ya lutuku iko chini ya kitanda. Pombe inafika ku mutoto ndani ya tumbo sawasawa na inavyofika kwa mama. Mwaka 1968, ku Nantes katika inchi ya Ufaransa, munganga Paul Lemoine aliandika juu ya watoto wa wamama waliokunywa sana: wadogo kwa mwili, sura imegeuka, akili inachelewa. Mwaka 1973 wanganga wa Seattle ku Marekani waliandika vilevile. Madhara haya hayatoki mutoto akikua. Kwa mutoto wa tumboni, wenye elimu wengi wanaona pombe kuwa mbaya kuliko kokaini yenyewe. Hakuna kipimo tunachojua kuwa hakina hatari, hata kopo moja «ya kuongeza maziwa». Pombe haiongezi maziwa. Mutoto akinyonya mara nyingi, ndipo maziwa yanaongezeka. Anayewaambia kinyume mara nyingi ndiye anayeuza.

Mama mwingine anauliza kama lutuku na tumbako zinaingia ku njia ile ile. Ndiyo. Kila moja iko na mulango wake, lakini zote zinafika kwa dopamini, na katika wanyama zote zinaongeza delta-FosB. Na vile vitu vya kuchanganya? Mwaka 2021 ku Kinshasa watu walisikia sana juu ya «bombé», unga unaotolewa katika bomba la moshi la motokari na kuchanganywa na vidonge. Kijana anayekunywa kitu kile hajui anakunywa nini, na hata sisi, akiletwa hapa amelala kama gogo, hatujui tuanzie wapi. Mukija naye, mulete kile kilichobaki, kidonge ao karatasi yake. Hatutauita polisi. Tunataka kujua tu. Na kokaini pamoja na pombe ni mbaya zaidi, sababu ini linatengeneza kutoka vyote viwili sumu ya tatu inayoshambulia moyo.

Tufanye nini basi? Juu ya kokaini hakuna mpaka leo kidonge ao sindano iliyokubaliwa ya kuiponyesha. Mutu akiwauzia dawa ya namna ile, amewaibia. Kilichoonekana kusaidia ni mazungumzo ya mara kwa mara, na tena kumupa zawadi ndogo kila mara mukojo wake unapimwa na kuonekana safi. Munacheka? Lakini muone sababu yake: ubongo umesahau furaha ndogo, basi unaufundisha tena kidogo kidogo. Nyumbani munaweza kufuata namna ile bila kupima mukojo. Juma bila kunywa, mumutambue, mumupe kazi yenye faida ya karibu, kuku mumoja wa kufuga, siku ya kwenda soko na wewe. Asipewe makuta mengi mukononi mara moja. Abadilishe njia ya kurudi nyumbani kama ya zamani inapita mbele ya kilabu. Na akianguka kisha miezi mitatu, miezi mitatu haikupotea: masizi yalikuwa yamepunguka, na masikio yalikuwa yameanza kufunguka. Muanze tena pale.

Juu ya pombe kuko onyo, na hili mulipeleke kwa majirani wasiokuja leo. Mutu anayekunywa lutuku nyingi kila siku kwa miaka, musimufungie chumbani aache kwa siku moja. Kisha saa chache anaweza kutetemeka, kutoka jasho, kuona vitu visivyoko, kupatwa na kifafa, hata kufa. Wengine wanasema ni mashetani yanatoka. Si mashetani. Ni ubongo uliozoea kizuizi, na kizuizi kimeondolewa ghafla. Mumulete hapa mbele ya kuacha, kuko dawa za kumushusha pole pole. Akipatwa na kifafa nyumbani, mumulaze kwa ubavu, musimutie kijiko kinywani, mumubebe mpaka lopitali hata ikiwa usiku.

Ulizo la mwisho, mama wa kule nyuma: «Na ile sindano ya ganzi munayotupiga wakati wa kutushona kisha kuzaa, si ni jamaa ya kokaini?» Umesikiliza vizuri, mama. Ilitoka ku mawazo yale yale ya mwaka 1884, kweli. Lakini ile tunayotumia hapa, lidokaini, ilitengenezwa mwaka 1943 na ni kitu kingine. Inalaza mishipa ya maumivu pale pale tunaposhona, haikai ku mulango wa dopamini. Hakuna mama aliyerudi hapa kutuomba sindano ya pili juu ya furaha. Musiikatae.

Sasa tuanze kupima kilo. Wenye karata za chanjo ya kwanza watangulie. Mama mwenye kijana nyumbani anaweza kungojea kwa barza kisha wengine kutoka, tutazungumza sisi wawili.